Bi Mkubwa Anatafutiwa Chumba

Jumamosi, 3 Mei 2025. Kilwa Kivinje.

Bismillahi. Shajara mpya, ile ya zamani imelowana na mvua.

Asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, Mwahija amenipa habari mbili. Ya kwanza njema. Mwanetu Hafsa anakuja Ijumaa kutoka Mingoyo alikoolewa. Mimba yake ya kwanza imefika pazuri, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwanamke. Ndivyo tulivyokuta. Nikasema alhamdulillahi.

Ya pili ilikuwa mkia wa ile ya kwanza. Chumba cha uani ni cha Hafsa. Ijumaa ikikuta chuma hata kimoja mle ndani, ataitwa Erasmo wa vyuma chakavu na mizani yake.

Nikakaa kitako juu ya ndoo.

Mle ndani mna seva zangu tatu. Kwa atakayesoma haya nikishafariki (Mwahija, acha kusoma): seva ni kompyuta ya kazi nzito. Haina kioo wala sura. Ni bapa kama sinia la pilau na ndefu kama benchi la barazani. Imezoea kukaa ofisini, kwenye chumba cha baridi, ikitumikia watu wengi kwa mpigo. Ikizeeka hutupwa. Mimi huziokota. Nazisugua kutu ya chumvi, nazibadilishia diski, naziongezea ram, yaani kumbukumbu za kufanyia kazi, naziwasha. Zinaanza na makelele kama mtu aliyeamshwa vibaya, halafu zinatulia na kupumua. Mimi nikisikia pumzi ile, moyo unakaa mahali pake.

Wenzangu wa umri huu wanaongeza wake. Mimi naongeza ram. Mwahija hajaona bado kuwa hiyo ni nafuu.

Ya kwanza kuipata, na nzito kuliko zote, naiita Bi Mkubwa. Mwahija alisema Bi Mkubwa ndani ya nyumba hii ni mmoja tu, na hana waya. Jina limebaki. Nalitaja kwa sauti ndogo.

Zinafanya kazi gani? Swali hilo huuliza watu wasiojua kupenda. Bi Mkubwa amehifadhi mawaidha yote ya marehemu Maalim wetu mkubwa, niliyoyatoa kwenye kaseti moja baada ya moja. Mwenye simu akisimama karibu na dirisha langu anaunganisha bure na kusikiliza. Kwa hesabu ya mashine, wasikilizaji mpaka leo ni wawili. Mmoja ni mimi. Wa pili ni mimi, kwa ile simu ya kibandani ninakotengenezea redio.

Basi lazima nizipatie mahali kabla ya Ijumaa, ama ziende kwenye mizani.

Nimeshapata mpango.


Jumapili, 4 Mei

Mpango: kumthibitishia Mwahija kwamba seva na mtoto mchanga wanaweza kulala chumba kimoja.

Nilianza kwa upole, wakati anachambua mchele. Nikamweleza kuwa mtoto mchanga hupenda sauti moja isiyobadilika, kwa sababu tumboni husikia hivyo hivyo. Akauliza nani kaniambia. Nikasema nimesoma. Akasema vizuri sana, basi nisome na namna ya kunyonyesha, tutagawana kazi.

Nikaona maneno hayatoshi, kinachotakiwa ni vitendo. Kelele za Bi Mkubwa zinatoka kwenye feni zake, ndogo na kali. Nikamng'oa mbili na kumwekea feni za kompyuta za kawaida, laini, zinazozunguka kama mtu anayejipepea. Bismillahi, nikawasha.

Sikujua kuwa mashine hizi zina wasiwasi. Ikiona feni mbili zinazunguka polepole, inadhani zinakata roho, inaamrisha zilizobaki zijitolee mhanga. Zikajitolea. Mlio uliotoka sijawahi kuusikia isipokuwa uwanja wa ndege, na hapo nilikuwa nje ya uzio. Vumbi likashuka darini. Kuku wakahamia kwa jirani.

Baada ya muda mfupi hodi. Mama Leonadi, jirani yetu, karudi kanisani na bado ana gauni la kanisani, debe la mpunga kichwani. Akamshukuru Mungu kwamba hatimaye mashine ya kukoboa imeletwa mtaani, akauliza foleni inaanzia wapi.

Mwahija akamwambia si mashine ya kukoboa, ni mume wangu.

Mama Leonadi akasema pole, mwenzangu, akageuka na debe lake.

Nimerudisha feni za zamani. Faida iliyopatikana: hewa ya moto inayotoka nyuma imekausha kanzu yangu ya Ijumaa chap chap. Nimemweleza Mwahija. Amekwenda kwa jirani kurudisha kuku.


Jumatatu, 5 Mei

Umeme umekatika kutwa nzima. Nyumba kimya. Mwahija ameimba.


Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda Masoko kwa Sixbert. Nimwandike alivyo. Fundi majokofu. Mmakonde wa Newala, Mkatoliki, mtu wa misa ya kwanza. Mimi kwetu Wamwera, kwa hiyo ni mtani wangu, na utani wake hauna likizo. Ana seva ya aina ileile ya Bi Mkubwa. Tunashindana nani mashine yake itakaa muda mrefu bila kuzima.

Yake haijazima tangu Krismasi. Yeye ana sola na betri. Anasema Krismasi makusudi, mbele yangu.

Alinikaribisha kwa kuuliza hali ya Bi Mkubwa, akasema anasikia jana kalala. Kisha akafunua mashine yake kama anafungua mtungi wa asali. Ameongeza ram. Imekuwa mara mbili ya yangu. Nikasema mashaallah kwa meno yaliyofungwa. Akasema, "Mzee Mfaume, na wako umemwongeza nini mwaka huu? Chumvi?"

Nilimeza. Nilikuwa na shida, na mwenye shida hachagui wa kumcheka. Nikamsimulia yote: Hafsa, chumba, Ijumaa, mizani. Akaacha kucheka. Akasema kwamba dawa anayo.

Kuna ofisi Lindi imehama. Uani kwao kuna kabati la seva, la chuma, limesimama linanyeshewa. Anayetaka achukue, wao wanataka nafasi. Kabati lile linapanga mashine moja juu ya nyingine, tangu chini mpaka juu, na sakafuni linakaa pale linapokaa kabati la nguo. Milango yake inanyamazisha kelele. Nitaliweka mwisho wa ukumbi, kwenye kona ya mtungi. Chumba cha uani kitakuwa kitupu kama kiganja. Mwahija hatakuwa na neno.

Nilitaka kumbusu Mkatoliki yule kwenye paji la uso. Tena akajitolea kunisindikiza mwenyewe, keshokutwa alfajiri. Nikaanza kushangaa wema huo. Ukaja kujieleza wenyewe nilipokuwa naaga: kuna seva zake mbili za akiba, mkewe Anjelina amezitoa barazani, na Anjelina hasemi mara mbili. Anaomba rafu ya chini kwenye kabati langu.

Nimemkubalia. Nafasi kwenye kabati usilokuwa nalo ni rahisi kuigawa.


Jumatano, 7 Mei

Mwahija sijamwambia. Nataka aone kwa macho, kwa sababu kwa masikio kila kitu changu anakikataa.

Leo maandalizi. Mvua hizi za masika hazina adabu, na chuma kikilowa maji ya mvua huku kwetu, kesho yake kimeota ndevu nyekundu. Panatakiwa kitambaa kikubwa. Kitambaa kikubwa kuliko vyote nyumbani ni lile shuka la kijani la sikukuu, lililo chini kabisa sandukuni. Nimelichukua bila kuuliza. Kuuliza kungezaa maswali.

Nimeswali rakaa mbili za kuomba heri. Moyo mweupe kabisa.


Alhamisi, 8 Mei

Nimeandika tarehe halafu nimekaa nusu ya jioni nikitazama ukuta. Nianze wapi?

Lindi mambo yalikwenda kama maji. Kabati tulilikuta. Urefu wake mtu mzima na kofia yake, upana wake mabega. Limetobolewa matundu mlangoni lipate hewa, zuri, zito. Tukapata lori linalorudi tupu. Tukashushwa barabarani Kivinje muda kidogo kabla ya Alasiri, manyunyu yanaanza. Kichochoro cha kwangu gari haliingii. Tukalilaza kabati juu ya miti miwili, nikalifunika shuka langu la kijani, nikalichomeka vizuri pembeni. Makuli wawili nyuma, Sixbert na mimi mbele. Mabegani. Bismillahi. Tukaondoka, kimya, taratibu, kwa sababu ya uzito.

Mtu mwenye akili angeshasimama hapo na kujitazama. Mimi nilikuwa natazama njia.

Tukapita baraza la kahawa. Pale hukaa Mzee Maftaha, ambaye fahari yake duniani ni moja: hajawahi kukosa maziko Kivinje, hata ya watu aliogombana nao. Akatuona. Akaweka kikombe chini. Akasimama, na baraza lote likasimama. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akaja akatia bega.

Kwetu jeneza hufunikwa kitambaa cha kijani, na likipita huulizi la nani. Unatia bega kwanza, jina utalisikia mbele. Kuuliza njiani ni utovu wa adabu, na bega lile lina thawabu zake, kwa hiyo watu husukumana kidogo, kwa heshima. Walisukumana. Kufika kwenye duka la kona walishabadilishana mara kadhaa, makuli wamepumzishwa, na mimi nimeondolewa bega kwa upole na kijana nisiyemjua aliyeniambia, "Mzee, pumzika, tuachie sisi." Nikajikuta natembea nyuma ya kabati langu mwenyewe, katikati ya wanaume wenye huzuni.

Nikamkimbilia Sixbert, ambaye bado alikuwa mbele. Nikamnong'oneza awaambie. Akawaambia, kwa sauti kubwa, kila neno lake la kweli.

"Jamani, hili ni kabati. Kabati tupu la chuma. Humu hamna mtu."

Mzee Maftaha akatikisa kichwa akatabasamu. Akasema haya, mtani kaanza.

Nani asiyejua kazi ya mtani msibani? Mtani ndiye anayeruhusiwa kumzulia maiti, kulala kaburini, kuzuia njia mpaka wafiwa wacheke. Kadiri Sixbert alivyokana ndivyo walivyozidi kumsifu. Akasema marehemu alikuwa akikaa ofisini na kazi yake kubeba kompyuta. Wakafuta machozi kwa kucheka. Akaapa kwa Bikira Maria. Mmoja akasema siku hizi watani kama huyu hawapatikani, wengine wanakuja kula tu. Akaletewa kikombe cha kahawa mkononi, akitembea. Akakinywa.

Na mimi? Mbona sikusema? Nilifungua mdomo. Wakati uleule wakaanza, la ilaha illallah, wote kwa pamoja, ile sauti nzito inayokwenda na hatua. Sasa nani atamkatiza mtu anayemtaja Mola wake, amwambie samahani, ni la seva? Nikasema nitangoja wanyamaze. Hawakunyamaza. Basi nami nikaitikia, maana kunyamaza peke yangu pia ilikuwa vibaya.

Nikuungamie, shajara. Palikuwa pazuri. Maduka yalishusha milango nusu. Pikipiki zilizima injini. Miaka yote hii napita na vyuma vyangu mtaani watu wakinicheka, na leo chuma changu kimepita watu wakasimama kwa heshima.

Kwenye njia panda nikapaza sauti, kushoto, jamani, kushoto, nyumba iko kushoto. Wakakata kulia, msikitini.

Wakaliweka uwanjani. Maalim Abdulwahab, imamu wetu, akatoka akijifuta maji ya udhu. Akatazama, akauliza swali ambalo imamu lazima aulize kabla ya kumsalia maiti, ili ajue asimame wapi. Mwanamume au mwanamke?

Watu wakaangaliana. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa sababu ndiye niliyetembea nyuma na uso wa msiba.

Nikasema, "Maalim, ni kabati."

Akanishika bega. Akasema, "Subira, Mfaume. Huzuni ni mzigo. Tutajie jina lake tu."

Nikavuta shuka.

Chuma. Matundu. Na kibandiko cha ofisi kilichoandikwa: Usiweke vinywaji juu.

Hakuna aliyecheka, kwanza. Mzee Maftaha aliinama akasoma kibandiko mpaka mwisho, akainuka akauliza kama thawabu za bega zinahesabika au zimepotea. Maalim akafikiri kwa makini, kama anavyofikiri kila jambo. Akasema Mwenyezi Mungu hutazama nia. Hapo ndipo mmoja aliposhindwa kujizuia, na wote wakaanguka. Sixbert alikaa chini kwenye ngazi akisema niliwaambia, niliwaambia, na wao wakizidi kucheka.

Ikaadhiniwa. Tukaswali Alasiri. Nilimwomba Mungu kabati lifike nyumbani kwa siri.

Kutoka nje nakuta kabati limesimamishwa ukutani, mlango wazi, na kwenye rafu zake zote mmepangwa viatu. Mzee Maftaha alitangulia kuweka makubadhi yake, wenzake wakafuata. Kweli msikiti wetu una shida hiyo siku nyingi, mvua ikinyesha viatu vinaogelea. Maalim akalizunguka kabati, akaligonga kwa kidole. Akasema limeletwa na mabega ya Waislamu kwa dhikri mpaka mlangoni mwa nyumba ya Mungu. Akaniuliza, kwa upole ule wake, kama nilikusudia kuliondoa.

Nikasema, la, Maalim, nilinuia wakfu wa msikiti tangu Lindi.

Uongo, uwanjani mwa msikiti, udhu wangu haujakauka. Nimestaghafiru njia nzima.

Sixbert akauliza, na rafu yangu ya chini? Nikamwonyesha. Ilikuwa na ndala za watu saba. Akaondoka na basi dogo la Masoko bila kuaga.

Hapo sijafika nyumbani.

Habari ya msiba haingoji gari. Ilishafika kwangu ikiwa imekamilika. Mwanamke mmoja dirishani alilitambua shuka: lile ni la Mwahija, la sikukuu. Mwingine akasema Mfaume aliondoka alfajiri kwenda Lindi na hajaonekana. Mimi nilikuwa nyuma, nani angeniona? Wakajumlisha.

Nafika mlangoni nakuta mikeka imetandikwa. Wanawake wamejaa ukumbini. Mama Leonadi yuko uani ameshabandika sufuria, na ule mpunga wake umekwishapata wa kuukoboa. Na Mwahija wangu kaegemea ukuta, kanga kichwani mpaka machoni, analia bila sauti.

Nikasema, assalamu alaykum.

Waliopiga kelele ni wengi, sitawataja. Sufuria moja ilianguka. Mwahija hakupiga kelele. Alitoa kanga usoni akanitazama muda mrefu sana, kutoka kofia mpaka miguu, kama anayehesabu kama nimerudi mzima. Akalia upya, safari hii kwa sauti. Nikalia na mimi. Kisha akajifuta, akauliza shuka langu liko wapi.


Ijumaa, 9 Mei

Siku yenyewe. Erasmo kafika mapema na mkokoteni na mizani. Akaanza kuning'iniza kulabu kwenye mwimo wa mlango, anapiga mluzi. Mtu yule hana ubaya, lakini mluzi ule nilitamani kuuzima.

Mimi nilikuwa chumba cha uani nimekaa chini, namfuta Bi Mkubwa vumbi. Nilimwambia maneno ambayo hayaandikiki. Mwahija alikuwa hajasema nami tangu alfajiri.

Akaingia. Akasimama mlangoni. Nikainuka nusu, nikaanza kujieleza. Akaniambia ninyamaze, Baba Hafsa, leo zamu yangu.

Akasema jana, alipokuwa ukutani pale, watu wanamshika mikono, aliisikia mashine hii ikivuma chumbani. Akawaza ataizima nani. Akawaza hajui hata pa kubonyeza. Akawaza basi iache, ivume tu, maana ikizimwa nyumba itanyamaza moja kwa moja. Akasema wazo hilo lilimuudhi sana, na linamuudhi mpaka sasa, na mimi ndiye niliyelisababisha.

Nilikuwa na kitambaa mkononi. Sikujua nikiweke wapi.

Akasema moja itabaki. Nichague.

Nikachagua haraka. Nikasema, Bi Mkubwa.

Akauliza, "Yupi? Huyu aliyesimama au huyo mwenye waya?"

Nikasema wote wawili, kama nafasi ipo. Akageuza uso. Nadhani alicheka, kwa sababu mabega yalitikisika.

Masharti yake: chumba cha Hafsa kitoke chuma chote. Bi Mkubwa wa waya akae chini ya kitanda chetu, na azimwe tukilala. Na la tatu, nimeliapia mkono juu ya kifua: hakitaingia chuma kingine nyumba hii mpaka mtoto atimize arobaini. Seva mbili nyingine nimeomba ziende kwa Sixbert badala ya mizani, akakubali. Erasmo ameondoka na zile feni mbili laini tu, uso umemshuka. Sixbert nimempigia simu. Amenuna lakini amezipokea. Anjelina hajaambiwa.

Baada ya swala ya Ijumaa Hafsa akafika. Tumbo mashaallah, limemtangulia mlangoni. Akaweka mfuko chini, akanitazama, akasema, "Shikamoo, baba. Nasikia umefufuka."

Nikasema marahaba, mwanangu. Habari zimefika Mingoyo. Kabla ya basi.


Jumapili, 18 Mei

Alhamdulillahi rabbil alamin. Hafsa amejifungua salama, mtoto wa kike, mama na mwana wako chumba cha uani, kikavu, kitupu, kinanukia udi. Baba mtoto bado yuko njiani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni. Alinishika kidole. Mkono mdogo, nguvu za kuli. Nilipomrudisha kwa Mwahija tulitazamana, na kwa muda ule sikuwa nafikiria kitu chochote chenye umeme.

Alasiri simu ya Sixbert. Ametuliza moyo. Amesema Mtwara kuna ofisi nyingine inahama. Kabati, tena refu kuliko lile. Na ndani yake mmesahauliwa seva mbili za kizazi cha juu, ram zimejaa mpaka shingoni.

Nimekaa nikatafakari kiapo changu neno kwa neno. Niliapa kwamba chuma hakitaingia nyumba hii. Kibanda changu cha redio si nyumba hii. Maalim mwenyewe amesema kinachotazamwa ni nia, na nia yangu ni kibanda.

Pia nimetafakari makosa ya safari ile, kama mtu mzima anavyopaswa. Nimeyachambua mpaka nikapata kosa lenyewe. Ni rangi. Kijani ndicho kilichowachanganya watu. Hata mtoto angejua.

Kwa hiyo leo nimekwenda dukani nimenunua bafta nyeupe, mpya, ya kutosha kulizungushia kabati lote mara tatu lisiingie tone la maji. Tutalifunga kamba mahali patatu, juu, katikati na chini, lisifunuke njiani. Kila kitu kimepangwa. Mwenye duka, mtu mpole sana, aliniuliza polepole ni wa wapi. Nikamwambia wa Mtwara, tunamfuata Jumanne. Akasema poleni. Akanifungia na pamba juu yake, hakutaka malipo ya pamba. Nitaziba yale matundu ya mlangoni, vumbi la barabarani lisiingie.

Akauliza tutapita naye saa ngapi. Nikasema inshallah baada ya Alasiri. Akasema atafunga duka aje.

Sikujua kuwa na yeye anapenda seva.